Somo: Kuitazama Albireo, nyota ya dhahabu na buluu, ukiwa uwani

Wadau, kwa jicho tupu Albireo ni nyota moja ya kawaida tu. Kwa darubini ni mbili, moja ya dhahabu, nyingine ya buluu. Taa za mji haziisumbui sana, hivyo hata wa Kariakoo ajaribu.

Hatua ya 1. Toa darubini nje nusu saa kabla. Ikitoka chumba chenye kiyoyozi kuingia joto la Dar, lenzi hufunga ukungu. Uache ukauke wenyewe, usifute kwa kanga.

Hatua ya 2. Mwishoni mwa Agosti, saa tatu usiku, elekea kaskazini. Utaona nyota tatu kali: Vega kushoto, Deneb chini kulia, Altair juu karibu na utosi. Ndege Dajaja (kundinyota la Cygnus) yumo humo, na kwetu huku anaonekana akipaa: mkia ni Deneb, chini, mdomo ni Albireo, juu, takriban kati ya Vega na Altair.

Hatua ya 3. Weka lenzi ya macho (ile unayochungulia) ya milimita 25. Ile ya milimita 4, inayokuza zaidi, iache kwenye boksi! Nyota hizi zimeachana kama sekunde 35 za tao (sekunde moja ya tao ni sehemu ya 3,600 ya digrii). Kukuza mara 30 kunatosha. Ukizidisha, mwanga unafifia na rangi inaondoka nao.

Hatua ya 4. Zikitengana, vuruga fokasi kidogo tu, nukta ziwe visahani. Rangi itajitokeza.

MASWALI

Mkuu, darubini yangu yenye lenzi ya mbele ya milimita 60 itaweza?
Bila shida, mradi tripodi isitikisike.

Mbona mimi naziona zote nyeupe?
Dada, rudia hatua ya 4, na uzitazame moja kwa moja, si kwa pembe ya jicho. Rangi ni za kweli: ya dhahabu ina joto la Kelvini 4,400 hivi, ya buluu kama 13,000. Ndiyo, buluu ndiyo ya moto zaidi, kinyume na bomba la bafuni.

Zinazungukana?
Wataalamu hawajaafikiana. Ila ile ya dhahabu yenyewe ina mwenzake, yuko karibu mno kwa darubini zetu.

Februari je, nitazame ipi?
Tafuta nyota pacha 145 Canis Majoris, kusini mashariki ya Sirius, nyota inayong'aa kuliko zote usiku: chungwa na buluu, zimeachana sekunde 27 za tao hivi. Inapita juu sana, kwa hiyo tandika mkeka, la sivyo shingo itakuuma.