Kabla Hujaanza Tiba ya Mazungumzo

Ushauri wa bure haujawahi kuadimika. Mashangazi wanao, majirani wanao, na wa mitandaoni ndiyo usiseme. Ukienda kwa mtaalamu wa saikolojia ukitarajia mawaidha zaidi, utatoka umekata tamaa. Tiba ya mazungumzo iliyothibitishwa kwa utafiti ni kazi yenye utaratibu, na kazi hiyo inaanza kabla hujakaa kwenye kiti.

Pima mwili kwanza. Upungufu wa damu au tezi ya shingo isiyofanya kazi sawasawa huleta uchovu unaofanana sana na ule wa sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha. Na kama mawazo ya kujiua yamekushika, usisubiri miadi: nenda hospitali leo, na usiende peke yako.

Kisha andika matukio. "Nina stresi" haimsaidii mtaalamu. Tuseme ulipata ajali ya basi na sasa huwezi kupanda gari. Andika hivi: Jumanne, stendi, dereva akapiga breki ya ghafla; nikawaza tunakufa; moyo ukaenda mbio; nikashuka, nikatembea. Tukio, wazo, mwili, tendo. Hayo ndiyo yanayofanyiwa kazi katika tiba ya fikra na mwenendo, ambayo Aaron Beck, daktari wa akili wa Philadelphia, aliijenga miaka ya 1960. Ulipofika chini ulipata nafuu, na hapo ndipo penye mtego: kila ukikwepa ukapata nafuu, akili inazidi kuamini kwamba gari litakuua. Kwa hiyo mtapanga ngazi. Utasimama stendi tu bila kupanda, kisha kituo kimoja ukiwa na mwenzako, kisha safari nzima peke yako. Hofu itapanda, na ukivumilia itashuka yenyewe bila wewe kukimbia. Mengi ya haya hufanyika nje ya ofisi, hivyo tenga muda na nauli ya mazoezi, si ada ya kikao peke yake.

Uliza bila haya: unatumia njia gani, vikao vingapi, na tutajuaje inasaidia? Kwa sonona, tiba hii mara nyingi huwa vikao 12 hadi 20, takriban dakika 50 kila kimoja. Dodoso la PHQ-9, linalopima ukali wa sonona, lina maswali 9 kuhusu wiki mbili zilizopita, na alama zake huishia 27. Lijaze mwanzoni, uhifadhi alama yako. Wiki zikipita na namba haishuki, una haki ya kuhoji.

Ukiwa Kenya, uliza pia usajili. Taaluma hii ina sheria yake tangu 2014. Ila usidharau asiye na shahada. Huko Zimbabwe, mradi wa Friendship Bench uliwafundisha akina bibi mbinu za kutatua matatizo, wakawahudumia watu kwenye mabenchi nje ya zahanati. Utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha waliohudumiwa nao walipungukiwa na dalili kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mimi ningemchagua bibi aliyefundishwa na anayesimamiwa kuliko msomi asiyeweza kunieleza anachofanya.

Kuhusu siri, muulize mapema ni lini atalazimika kuivunja, kwa mfano maisha ya mtu yakiwa hatarini. Kikao kikiwa cha simu, tafuta chumba chenye mlango. Na usipange kikao saa moja kabla ya mkutano wa kazini. Huenda ukatoka umelia.