Kufungia programu kwa watu wachache tu kwenye seva ya Linux mnayoshea

Seva mkiitumia wengi, programu ukiiweka kwa apt (kisakinishi cha Debian na Ubuntu) kila mwenye akaunti anaweza kuiendesha, sababu faili yake kwa kawaida inakuja na ruhusa 755, yaani mwenyewe anaweza kuibadilisha, wengine wote wanaisoma na kuiendesha. Tuseme unataka ffmpeg (programu ya kukonvati video na sauti) itumike na watu wa video tu, maana mmoja akianza kukonvati mafaili makubwa CPU inaisha na wengine wote wanakwama. Tumia grupu, usigawe ruhusa kwa mtu mmoja mmoja, utafika mahali hujui tena nani ana nini.

1. Tengeneza grupu, ingiza mtu

`sudo groupadd wahariri`
`sudo usermod -aG wahariri asha`

Hiyo -a usiiache kabisa! Ukiweka -G peke yake Asha anatolewa kwenye grupu zake zingine za ziada, hata ya sudo. Na grupu usiiite video, kwenye Debian na Ubuntu ipo tayari na ina kazi yake.

2. Tafuta faili yenyewe

`readlink -f $(which ffmpeg)`

Programu kama java mara nyingi ni linki tu inayoelekeza kwingine, unayotaka kufunga ni ile ya mwisho.

3. Funga

Wengi wanapiga chown (kubadili mwenye faili na grupu yake) na chmod 750 (grupu inasoma na kuendesha, wengine hawana ruhusa yoyote) wanaondoka, na kweli inafanya kazi, ila siku ya apdeti paketi inaandika faili upya na ruhusa zinarudi 755 kimyakimya. Kwenye Debian na Ubuntu fanya hivi, dpkg (inayoweka paketi chini ya apt) itakumbuka yenyewe:

`sudo dpkg-statoverride --update --add root wahariri 0750 /usr/bin/ffmpeg`

ffprobe ni faili nyingine, nayo ifunge. Programu uliyoiweka mwenyewe ndani ya /opt ni rahisi zaidi, chgrp (kubadili grupu) na chmod 750 kwenye folda yake basi.

4. Jaribu

Asha atoke aingie upya, sesheni ya zamani haioni grupu mpya. Halafu jaribu na yuza asiyekuwemo:

`sudo -u juma ffmpeg -version`

Ikikataa na Permission denied, ujue kufunga kumefanikiwa.

Sasa ujue Juma bado anaweza kushusha kopi yake akaiweka kwenye folda yake ya home. Unaweza kumaunti /home na /tmp kwa noexec (inazuia kuendesha faili za programu zilizomo humo), lakini skripti za Python zitapita tu na wanaokompaili kazi zao home utawaumiza, mimi siipendi. Kama shida yako kubwa ni CPU, mwekee Juma kikomo cha CPU:

`sudo systemctl set-property user-1001.slice CPUQuota=200%`

1001 ni namba yake, unaipata kwa `id -u juma`, na 200% maana yake kasi ya koa (core) mbili za CPU.