Rifandi ya IRS ikichelewa, angalia haya kwanza
Jamani mlioko Marekani, hii imsaidie mtu msimu wa kodi. Ukituma ritani (fomu yako ya kodi ya mwaka) kwa mtandao kwa IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, rifandi nyingi, yaani hela ya kodi unayorudishiwa, zinatoka ndani ya siku 21, ukituma ya karatasi kwa posta subiri wiki 6 au zaidi. Ila kama umedai EITC (nafuu ya kodi kwa wafanyakazi wa kipato kidogo) au ile ya watoto, Additional Child Tax Credit, hata ukiwahi kutuma Januari hela haitoki kabla ya katikati ya Februari, ni sheria ya 2015 ya kuzuia wizi wa rifandi, sio kwamba wewe umekosea.

Kinachotukwamisha sana sisi ni majina. Wengi tuna majina matatu, kwenye W-2 (fomu ya mshahara anayokupa mwajiri) yako hivi, kwenye kadi ya Social Security (hifadhi ya jamii) yako vile, mwingine kapata uraia kabadili jina na kule Social Security hajaenda kurekebisha, basi ritani inarudishwa au inawekwa pembeni. Andika jina kama lilivyo kwenye kadi, herufi kwa herufi, na la mtoto pia.

Halafu fungueni barua! IRS wakitaka kuhakikisha ni wewe kweli wanakuandikia kwa posta, anayekutumia linki kwa meseji ni tapeli, na usipojibu hiyo barua rifandi inakaa hapo hapo. Umehama baada ya kufaili? Wape anwani mpya. Na tafadhali usitume ritani ya pili eti uharakishe, unazidi kuichelewesha. Fuatilia kwenye Where's My Refund, huduma ya IRS mtandaoni ya kuangalia rifandi yako, taarifa zake zinabadilika mara moja tu kwa siku, kawaida usiku.