Namna ya Kuikagua Modeli ya Ndege ya Kivita Kabla ya Kutia Gundi

Modeli ya plastiki ya ndege ya kivita ina maswali mawili ambayo watu wengi huyachanganya. La kwanza ni la usahihi: je, vipande vilivyomo ndani ya boksi vinatoa umbo la ndege ileile iliyochorwa kwenye kifuniko, kwa vipimo vyake na kwa toleo lake? La pili ni la uungikaji: je, vipande hivyo vinakubali kukaa pamoja bila puti nyingi na bila kumkatisha tamaa mwenye kuviunga? Boksi laweza kufaulu katika moja na kuanguka katika jingine. Zipo modeli za zamani zenye umbo zuri ajabu ambazo vipande vyake havipatani hata kidogo, na zipo za karibuni ambazo hufungana bila mwanya wowote ilhali pua ya ndege ni fupi kuliko inavyopasa. Maswali haya yafaa kujibiwa kabla chupa ya gundi haijafunguliwa, hasa kwetu sisi wa Lamu, kwa kuwa boksi likishafika Mokowe na kuvushwa kwa boti hadi kisiwani, hakuna tena wa kumrudishia.

Anza na rula ya chuma. Skeli, yaani uwiano wa modeli na ndege halisi, ya 1/72 ilitokana na vipimo vya Kiingereza, inchi 1 ikisimama badala ya futi 6, na ile ya 1/48 ni robo inchi kwa kila futi. Kipimo cha kuanzia kiwe upana wa mabawa kutoka ncha hadi ncha, kwa sababu kipimo cha urefu huvurugwa na waandishi wasiosema kama wamehesabu rafadha au wameiacha. Hawker Hurricane, ndege ya Uingereza ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, ilikuwa na upana wa futi 40, yaani mita 12.19, kwa hiyo katika 1/48 sharti upate milimita 254 na katika 1/72 upate 169. Spitfire ya matoleo ya mwanzo, yenye mita 11.23, hutoa milimita 234 na 156. Messerschmitt Bf 109E ya Ujerumani, iliyokuwa ndogo kwa mita 9.87, hutoa 206 na 137. Tofauti ya nusu milimita isikusumbue, maana plastiki husinyaa kidogo inapopoa ndani ya kalibu, lakini upungufu wa milimita 3 katika 1/72 ni zaidi ya sentimita 21 kwenye ndege yenyewe, na huo hauwezi kusingiziwa kusinyaa.

Jina kubwa la kampuni halikuondolei kazi hii. Mwaka 2014 kampuni ya Eduard ya Jamhuri ya Cheki ilitoa Bf 109G-6 ya skeli ya 1/48 iliyosifiwa kwa wembamba wa nakshi zake, na wenye rula wakaigundua kuwa ni kubwa kupita skeli iliyoandikwa. Kampuni, kwa heshima yake, ikachonga kalibu upya. Waliokuwa wameiunga ile ya kwanza walikuwa na modeli nzuri ambayo haikuweza kukaa kando ya wenzake kwenye rafu bila kuonekana imenenepa.

Baada ya ukubwa kunafuata toleo, na kwa maoni yangu hapa ndipo penye makosa mazito zaidi, ingawa wakaguzi wengi hupapita haraka. Kuchonga kalibu ni ghali, kwa hiyo kampuni huuza plastiki ileile kwa majina kadhaa, ikibadilisha stika na kifuniko tu. Spitfire Mk V (yaani toleo la tano) ilikuwa na rafadha ya mapanga matatu, rejeta moja chini ya bawa la kulia na kipozea mafuta chembamba chini ya la kushoto. Mk IX, iliyopewa injini ya Merlin yenye hatua mbili za kusukuma hewa, ilikuwa na pua ndefu zaidi, mapanga manne na rejeta mbili zinazofanana, moja kila upande. Ukikuta boksi la Mk IX lenye rejeta moja nene na nyingine nyembamba, umeuziwa ndege nyingine. Bf 109E ilikuwa na ncha za mabawa zilizokatwa wima na mhimili ulioshikilia bawa dogo la mkia kutoka chini, ilhali kuanzia toleo la F ncha zikawa za mviringo na mhimili ukaondolewa. Zero ya Wajapani, toleo la A6M2, ilikuwa na mita 12, na ncha za mabawa yake zilikunjwa ili ipite kwenye lifti za manowari za kubebea ndege; A6M5 ilikuwa na mita 11. Milimita 167 ndani ya boksi la A6M5 la 1/72 ni ushahidi wa kutosha, kwa kuwa hesabu inataka 153.

Njia ya kuhakiki toleo ni kutafuta picha ya ndege ileile ambayo stika zake umepewa, iliyopigwa wakati wa vita, kisha kuilinganisha na plastiki kipande kwa kipande. Picha za ndege zilizohifadhiwa kwenye makumbusho, kama zile za Johannesburg au za London, zinasaidia sana kwa mambo ya ndani na kwa maumbo, ila ndege hizo mara nyingi zimepakwa rangi upya na kufungwa sehemu za matoleo mengine, na mtu akiziamini kwa kila kitu atapotoka. Kwa msomaji wa pwani hii napendekeza kuanza na Hurricane, kwa kuwa mwaka 1940 na 1941 vikosi vya anga vya Afrika Kusini viliirusha kutoka Kenya dhidi ya Waitalia waliokuwa Somalia na Uhabeshi, wakipambana na ndege za mabawa mawiliwili za Fiat CR.42. Hizo mbili zikiwekwa pamoja kwenye rafu moja zinasimulia vita vilivyopita karibu na kwetu.

Wengi hutumia michoro ya pande tatu, na michoro ina hila zake. Ukienda kuichapisha kwenye duka la kompyuta pale mjini, mashine ikiachwa ijiamulie huipunguza picha ili ienee kwenye karatasi ya A4, na wewe ukirudi nyumbani utailaumu plastiki isiyo na kosa. Mwambie mwenye duka achapishe kwa asilimia 100, kisha pima upana wa mabawa kwenye karatasi kabla ya kulipa. Mchoro ambao wenyewe haufiki milimita 169 za Hurricane hauna haki ya kuihukumu modeli.

Umbo halipimwi lote kwa rula. Mikunjo ya pua, mnofu wa shina la bawa (pale linapoungana na bodi) na mstari wa mgongo hutaka jicho, na namna bora ya kuviangalia ni ile ya mafundi wa majahazi wa Matondoni wanapokagua ubao: fumba jicho moja, weka kipande usawa wa uso, ukitazame kwa urefu wake kikielekea kwenye mwanga. Hitilafu ambayo mchoro haukuionyesha itajitokeza kama kivuli kilichovunjika. Kwenye Hurricane angalia pia kwamba sehemu ya kati ya bawa, iliyo chini ya bodi, imelala sawa, na kwamba mabawa yanaanza kuinuka nje ya sehemu hiyo. Kampuni iliyoyainua kuanzia kwenye bodi imekosea jambo ambalo mtu huliona akiwa mbali.

Kuhusu nakshi za juu ya plastiki nitasema machache, kwa kuwa zinasifiwa kupita thamani yake. Mstari wa bamba uliochongwa kwa upana wa milimita 0.3 katika 1/72 ungekuwa ufa wa sentimita 2 na zaidi kwenye ndege halisi, na hakuna rubani ambaye angekubali kuirusha. Mimi naona afadhali mistari hafifu, hata ikiwa imeinuka badala ya kuzama, kuliko mitaro. Mustang, ndege ya Marekani, ni mfano mzuri: kiwandani sehemu ya mbele ya bawa lake ilizibwa puti na kupakwa rangi ili hewa ipite laini, kwa hiyo modeli yenye mistari na ribiti nyingi mahali hapo ina kazi ya ziada isiyo ya kweli. Zizibe. Kitambaa kilichofunika nusu ya nyuma ya Hurricane nacho kilikuwa kimevutwa kikakaza. Kikionyeshwa kimebonyea sana kati ya mbavu, kisugue kwa msasa namba 800 hadi mabonde yapungue.

Sasa uungikaji, na hapa usiharakishe. Kata nusu mbili za bodi, mabawa na chumba cha rubani, ondoa mabaki ya fremu (vijiti vya plastiki vilivyoshikilia vipande) kwa kisu na kwa tupa, kisha vipachike bila gundi ukivifunga kwa utepe wa karatasi wa wapaka rangi. Tazama sehemu nne: shina la bawa kwa juu, mahali ambapo ukingo wa nyuma wa bawa unakutana na tumbo, vifuniko vya injini, na kioo cha rubani. Panda darini na modeli hiyo iliyofungwa utepe uielekeze juani. Mwanga ukipenya kwenye shina la bawa, usiseme moja kwa moja kwamba bawa ni bovu. Mara nyingi mwanya huo umetokana na chumba cha rubani kilicho kipana kidogo, ambacho kinazizuia nusu za bodi zisikutane vizuri, au kinaisukuma bodi chini na kuliinua bawa. Kitoe, funga tena bila hicho chumba, uangalie. Mwanya ukitoweka, umempata mkosaji: punguza kuta zake kwa tupa, mara mbilitatu kwa kila upande, ukijaribu kila unapopunguza, mpaka kikae bila kusukuma chochote.

Mwanya ukibaki, chunguza bodi yenyewe. Nusu zake zikiwa nyembamba kuliko nafasi iliyoachwa na mabawa, kata kijiti cha fremu, kiweke ndani ukizitanua taratibu mpaka zikutane na shina la bawa, ndipo ukigandishe. Mwanya mwembamba uliobaki ujazwe kwa kipande cha plastiki kilichochongwa, kwa maana puti husinyaa na kuonyesha mstari wiki kadhaa baada ya rangi kukauka. Kisha pima mwinuko wa mabawa. Spitfire iliinua mabawa yake kwa nyuzi 6, kwa hiyo katika 1/72, bawa lenye urefu wa milimita 70 kutoka shinani, ncha yake ipande kwa milimita 7 hivi. Kata kadi mbili za kimo kimoja kutoka kwenye boksi, uziweke chini ya ncha zote mbili wakati gundi inakauka. Ukingo wa nyuma wa bawa nao huwa mnene mno: milimita 1 katika 1/72 ni sentimita 7. Dawa yake ni kusugua upande wa ndani wa nusu zote mbili kabla ya kuziunga, na hilo haliwezekani tena baadaye.

Ukimaliza ukaguzi huu utakuwa na orodha ya kasoro, na kazi inayobaki ni kuamua zipi za kurekebisha. Kanuni yangu ni kwamba kasoro inayobadilisha kivuli cha ndege ukutani irekebishwe au boksi liachwe, na ile inayoonekana kwa tochi peke yake isamehewe. Pua fupi kwa milimita 4 hurekebishwa kwa kukata na kuongeza bamba la plastiki. Kiti cha rubani kisicho na mkanda sahihi hakistahili usiku wako. Anayeanza achague boksi linaloungika kwa urahisi hata kama si sahihi kabisa, kwa sababu ndege sahihi iliyobaki ndani ya boksi nusu imeungwa haimfai mtu.

Hali ya hewa ya kisiwani iingie kwenye mpango. Gundi inayoyeyusha plastiki huacha kiungo kikiwa laini kwa muda. Kipe siku mbili kabla ya kukisugua, la sivyo kitabonyea baadaye chini ya rangi. Wakati wa masika, rangi yenye thina ikipulizwa hewa ikiwa imejaa unyevu hugeuka nyeupe kama yenye ukungu, na wakati wa kaskazi ile ya maji hukauka kabla haijagusa plastiki ikaacha uso wa chengachenga. Pulizia asubuhi mapema, mahali penye hewa lakini si kwenye daka, ambako vumbi la punda halikosekani. Stika za maji zihifadhiwe ndani ya mfuko uliofungwa, kwa kuwa utando wake hugeuka manjano.

Kioo cha rubani kiunge kwa gundi nyeupe ya mbao, kamwe si kwa supa gluu, ambayo mvuke wake hukitia weupe usiofutika. Waya wa redio, kutoka kwenye mlingoti nyuma ya rubani hadi mkiani, usiufanye kwa uzi wa cherehani: uzi wa milimita 0.2 katika 1/72 ni sawa na kamba ya milimita 14. Pasha kijiti cha fremu juu ya mshumaa mpaka kilegee, kivute polepole kitoe unywele, na uubandike unywele huo modeli ikiwa tayari imefika kwenye rafu itakakokaa.