Kabla ya Kuwasha Mkaa: Mishikaki ya Nyama na Kamba kwa Anayepunguza Wanga

Anayepunguza wanga hana sababu ya kuiogopa mishikaki yenyewe, kwani nyama ya ng'ombe haina wanga wa kuhesabika, na kamba wanao kidogo mno. Wanga huja na vinavyopakwa na vinavyoliwa pamoja nayo: ukwaju uliotiwa sukari, chipsi, mkate, na tomato sosi ya chupa, ambayo kila gramu 100 huwa na takriban gramu 25 za wanga, sehemu kubwa ikiwa ni sukari. Sukari hiyo pia huungua na kuwa nyeusi kabla nyama haijaiva. Basi viungo viandaliwe mapema kwa ndimu, tangawizi, kitunguu saumu, pilipili manga, bizari na mafuta kidogo, na kando pawepo kachumbari ya kabichi na tango. Anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari azungumze na daktari wake kabla ya kubadili mlo, kwa sababu sukari yaweza kushuka kupita kiasi.

Nyama inunuliwe sarara au steki, ikatwe kinyume na nyuzi zake katika vipande vya sentimita 3 hivi. Papai bichi lililosagwa hulainisha nyama kwa kuwa lina kimeng'enya kinachovunja protini, na kijiko kimoja cha chakula kwa kilo moja, kwa muda wa saa moja au mbili, kinatosha. Wanaoilaza usiku kucha, wakidhani wanaiongezea utamu, huamka na nyama iliyovurugika isiyokaa kwenye kijiti. Kamba hawahitaji papai. Ndimu nayo wapakwe dakika 15 tu kabla ya kuchomwa, maana asidi huanza kuikaza nyama yao hata kabla ya moto. Pweza achemshwe kwanza hadi alainike. Vyote vikae kwenye friji vikiwa katika viungo, wala si juu ya meza ya jikoni.

Vijiti vya mianzi vilowekwe majini kwa nusu saa ili visiungue upesi. Nyama na kamba visichanganywe kwenye kijiti kimoja, ingawa hupendeza pichani: kamba huiva kwa dakika 2 au 3 kila upande, ilhali nyama huhitaji dakika 10 au zaidi, hivyo kimojawapo lazima kiharibike. Ziandaliwe sahani mbili, ya vibichi na ya vilivyoiva.

Jiko la mkaa liwekwe uani au kwenye baraza iliyo wazi, kamwe lisiwekwe ndani, hata mvua ikinyesha, kwa sababu mkaa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo huua. Mkaa usubiriwe hadi ufunikwe na majivu ya kijivu. Itangulie nyama, na kamba wafuate moto unapoanza kupungua.