Jinsi ya kujua panya wa labu amekataa konea uliyompandikizia, siyo ukungu tu wa operesheni

Kama umeshapandikiza konea (ile ngozi angavu ya mbele ya jicho) kwa panya wako ukadhani kazi imeisha, bado. Sasa inabidi ukae kila wiki useme hiki kipandikizi kimekataliwa na kile bado, na ukikosea hapo hata dawa unayoijaribu utaisingizia, utasema inazuia kukataliwa kumbe haizuii. Kinachowaangusha wengi ni kwamba wanaona ukungu kwenye jicho, bas, wanaandika imekataliwa. Ukungu unaletwa na vitu vingi: lensi iliguswa wakati wa operesheni, airisi (ile duara yenye rangi inayozunguka mboni) imegandamana na kidonda, bakteria wameingia, presha ya jicho imepanda, au konea imekauka tu panya akiwa amelala kwa nusukaputi. Kukataliwa ni kinga ya mwili kushambulia tishu ya mwenzake, na kuna namna inavyokuja, ina muda wake na ina alama zake.

Anza na grupu zako kabla hujashika hata kisu. Kwa panya wadogo (mouse) wengi wanatumia koo mbili za maabara, BALB/c kama mpokeaji na C57BL/6 kama mtoaji, na usipowapa dawa yoyote karibu nusu ya vipandikizi vinakataliwa ndani ya wiki 8 hivi. Weka pia grupu la BALB/c kwa BALB/c, yaani mtoaji na mpokeaji wa ukoo mmoja. Hao hawana sababu ya kukataa, kwa hiyo wakiwa na ukungu mwingi ujue tatizo liko kwenye mikono ya aliyeshona, wala usiendelee na jaribio mpaka hilo lirekebishwe. Mi nalisisitiza sana hili kwa sababu watu wanaliona grupu hilo kama kupoteza wanyama, wakati bila hilo huna cha kulinganisha nacho. Na jinsia ilingane, maana konea ya dume ikiwekwa kwa jike kuna antijeni za kiume (protini ambazo kinga ya jike inaziona ngeni) ambazo nazo zinaweza kuongeza kukataliwa.

Kingine, jicho moja tu kwa kila mnyama. Lile lingine liachwe zima, mnyama aendelee kuona, na mpe dawa ya maumivu baada ya operesheni kama kibali chako cha maadili kinavyosema.

Wiki ya kwanza usihukumu kitu. Kipandikizi cha panya mdogo ni cha milimita 2 kwenye tundu la milimita 1.5, kimeshonwa kwa nyuzi 8 za nailoni namba 11-0 ambazo kawaida zinatolewa siku ya 7, sasa jicho dogo hivyo likichomwa sindano zote hizo lazima livimbe kidogo. Unachofanya kipindi hiki ni kuchuja: panya mwenye damu ndani ya jicho, usaha, mtoto wa jicho, au airisi iliyonasa kwenye mshono, huyo anatoka kwenye hesabu kama operesheni iliyoshindikana. Ila sheria ya kumtoa iandike mapema kabla hujaanza, siyo uje uamue baadaye ukishaona matokeo hayakupendezi.

Baada ya hapo cheki kwa slitilampu (hadubini ya macho yenye mwanga mwembamba) angalau mara 1 kwa wiki, ikiwezekana 2, mpaka wiki ya 8. Mlaze kwa dawa kidogo, ketamini na zailazini ndiyo wengi wanatumia, lakini angalia sana hapa, panya akilala hivyo macho yanabaki wazi, hapepesi, konea inakauka ndani ya dakika chache na inaleta ukungu wa uongo. Weka tone la salaini (maji ya chumvi) mara tu anapolala. Halafu hizo dawa zinaweza kuifanya lensi yenyewe iwe nyeupe kwa muda na ikarudi kawaida akiamka, mtu asiyejua anaona weupe anasema konea imeharibika. Ponya yako ni mwanga mwembamba: punguza mwanya wa slitilampu, upige kwa pembeni, hapo utaona konea kama utepe uliopinda na lensi iko nyuma yake mbali, ndipo unajua weupe uko wapi.

Sasa maksi za ukungu, kuanzia 0 hadi 5. 0 ni safi kabisa. 1 ni ukungu kidogo juu juu tu. 2 ukungu umeingia ndani kwenye stroma (safu nene ya katikati ya konea) lakini ukingo wa mboni na mishipa ya airisi bado unaviona. 3 unaona ukingo wa mboni tu, mishipa ya airisi imepotea. 4 umekaza sana, unaona tu kwamba kuna chumba cha mbele cha jicho. 5 huoni chochote nyuma. Kwa hiyo usikadirie weupe kwa macho ukasema "huyu kama 3 hivi", jiulize swali moja, naona nini nyuma ya konea? Naona mishipa ya airisi au sioni? Jibu ndilo maksi yako. Wengi wanahesabu kipandikizi kimekataliwa kikiwa na 2 au zaidi baada ya wiki 3, au kikiwa na 3 au zaidi wiki ya 2 na kisisafike tena. Hilo neno kusafika ni muhimu, maana kuna vipandikizi vinapata ukungu mapema kisha vinajisafisha vyenyewe, ndiyo maana maksi ya siku moja haitoshi, unataka mwendo wote.

Kwa panya wakubwa (rat) mara nyingi wanapima vitu vitatu, ukungu, uvimbe wa maji na mishipa ya damu, halafu wanajumlisha. Mishipa iangalie hata kwa panya wadogo: imeanzia upande gani, imefika kwenye mshono au imeshauvuka ikaingia kwenye kipandikizi. Jicho ambalo liliwekewa nyuzi wiki 2 kabla ili liote mishipa linakataa haraka na karibu vyote vinakwenda, kwa hiyo usichanganye grupu hilo na la kawaida kwenye grafu moja.

Uvimbe wa maji unatoka wapi? Safu ya ndani kabisa ya konea, endothelia, kazi yake ni kutoa maji kwenye stroma muda wote. Seli za kinga zikiiua, maji yanaingia, konea inanenepa na kupoteza uangavu. Kama mna OCT (mashine ya mwanga inayopiga picha ya tabaka za jicho) pimeni unene, utaona konea inanenepa hata pale jicho lako linapobishana kati ya 1 na 2. Kwa sungura raha zaidi kwa sababu jicho ni kubwa, unaweza kuuona mstari wa Khodadoust wenyewe, mstari wa seli nyeupe unaotembea juu ya endothelia, nyuma yake kumevimba mbele yake bado safi. Watafiti Khodadoust na Silverstein mwaka 1969 walionyesha kwa sungura kwamba kila safu ya konea inaweza kukataliwa peke yake. Ukiuona mstari huo, hapo sema kukataliwa bila wasiwasi, operesheni mbaya haileti mstari unaotembea.

Anayetoa maksi asijue panya yupi kapewa dawa. Wakiwa wawili ni bora zaidi, kila mtu aandike kivyake, na picha zipigwe kwa mwanga uleule kila mara.

Mwisho wa jaribio kata macho kadhaa ya kila grupu uyapeleke histolojia (kuangalia tishu kwa hadubini). Jicho lililokataa utakuta seli za kinga, yaani seli za T, hasa zile za aina ya CD4, na makrofeji wamejaa kwenye stroma, na ukipaka rangi za alama CD31 na LYVE-1 unaona mishipa ya damu na ya limfu. Lenye ukungu lakini halina seli hizo, rudi kwenye rekodi za operesheni yake. Na panya aliyekufa wiki ya 5 kipandikizi chake kikiwa safi usimwandike amekataa wala usimtupe, mwingize kwenye Kaplan-Meier (grafu ya vipandikizi vilivyobaki salama kadiri muda unavyokwenda) mpaka siku ya mwisho uliyomcheki, kisha ndiyo ulinganishe grupu kwa jaribio la takwimu la log-rank.