Kukokotoa umbali na muda wa ndege: Nairobi hadi New York

Usipime kwa rula kwenye ramani ya ukutani. Dunia ni mviringo, na njia fupi kati ya JKIA (uwanja wa ndege wa Nairobi) na JFK (wa New York) haipiti Kongo na Nigeria kama mstari wa rula unavyoonyesha. Inakata Sahara kuelekea kaskazini-magharibi, inafika karibu nyuzi 42 kaskazini juu ya Atlantiki, ndipo inateremka New York.

Andika latitudo, kisha longitudo, za viwanja vyote viwili kwa nyuzi, ukiweka alama ya kutoa kwa kusini na magharibi: JKIA −1.32, 36.93, JFK 40.64, −73.78. Tofauti ya longitudo ni 36.93 − (−73.78) = 110.71. Hapa ndipo wengi huharibu: wakisahau alama hupata 36.85, na safari inageuka kilomita 5,970, yaani nusu ya ukweli. Kisha, d ikiwa ni umbali kwa nyuzi:

cos d = sin(−1.32) × sin(40.64) + cos(−1.32) × cos(40.64) × cos(110.71)

Jibu ni −0.2833. Ukibonyeza cos⁻¹ utapata nyuzi 106.46, zidisha kwa 111.2 (kilomita za nyuzi moja), ni kilomita 11,838. Kikokotoo kiwe kwenye DEG (nyuzi). Kikiwa kwenye RAD (radiani, kipimo kingine cha pembe), majibu yote ni takataka.

Ndege haifuati mstari huo sawasawa. Anga ya Sudan ilipofungwa Aprili 2023, kwa mfano, ilibidi kuzunguka. Ongeza asilimia 3: kilomita 12,193. Boeing 787, aina ambayo Kenya Airways ilianza nayo safari hii ya moja kwa moja Oktoba 2018, hukata karibu kilomita 900 kwa saa. Gawanya, upate 13.55. Hiyo si saa 13 na dakika 55! Zidisha 0.55 kwa 60: ni saa 13 na dakika 33. Weka dakika 45 za kupaa, kutua na kutambaa uwanjani.

Halafu upepo. Kule juu ya Atlantiki ya kaskazini unavuma kwa nguvu kutoka magharibi kwenda mashariki, hasa majira ya baridi. Kwa hiyo kwenda hesabu saa 15 hivi, kurudi karibu 14.

Saa ya kufika ina mtego wake. New York iko nyuma ya Nairobi kwa saa 8, ila kuanzia Jumapili ya pili ya Machi hadi Jumapili ya kwanza ya Novemba ni saa 7. Ukiondoka Januari saa 5 usiku, baada ya saa 15 Nairobi ni saa 8 mchana. Toa 8, unatua saa 12 asubuhi. Julai ungetua saa 1.

Tiketi huandika 23:00, si saa 5 usiku. Na ikiandika 00:30 tarehe 12, uwe uwanjani tarehe 11 jioni. Kuna watu hufika siku ya pili yake usiku, ndege imeshaondoka jana.